Ukurasa wa Pili

Barua ilikuja Novemba, kurasa mbili.
Wa kwanza Baba aliupeleka steshenari ya Tabata Relini,
wakaupitisha kwenye mashine ya kuupaka plastiki,
ukatoka mgumu, wa moto kama chapati.
Akautundika juu ya televisheni,
mahali pa picha yake ya harusi.
Picha ya harusi ikahamia chumbani.

Wa pili niliukunja mara nne
nikauficha ndani ya kamusi, kwenye herufi S.
*Kwa sharti kwamba* —
hapo ndipo nilipoachia kusoma.

Tangu siku ile nikawa mtu aliyekwisha ondoka.
Mama wa genge akaniongezea nyanya tatu: "Za msafiri."
Shangazi Mwanahawa akaninunulia koti la mtumba Karume,
zito, lina harufu ya mtu mwingine.
Nililijaribu Januari, kwenye joto lile.
Jasho likanifika kwenye kope.
Sikulivua.

Uzembe haupigi hodi.
Unakuja kama usingizi wa mchana:
unasema unapumzisha macho tu.
Kwanza niliacha maswali ya nyongeza.
Kisha nikaacha vipindi vya alfajiri.
Kisha nikahamia dawati la nyuma, kwa Aikande,
tukawa tunahesabu, si volti wala ampia,
tunahesabu siku.
Mwalimu Lyatuu anachora mzunguko wa umeme ubaoni,
mimi nachora theluji pembezoni mwa daftari.
Sijawahi kuiona. Niliichora kama unga wa muhogo
uliomwagika.

Mtihani wa moko, Fizikia: thelathini na moja.
Mwalimu hakuandika neno.
Duara jekundu tu, kalamu imepita mara mbili.
Heri angenitukana.

Usiku nikampelekea Baba ile karatasi.
Alikuwa amelala kifudifudi uani, nyuma ya friji
la Bi Kijakazi wa samaki wa kukaanga, tochi mdomoni.
Akaisoma kwa mwanga uleule, hakuitoa tochi.
Kisha akaitoa.

"Stumai. Umeme ukikatika, friji halijui papo hapo.
Barafu ipo. Maji ya chupa yana ubaridi.
Mwenyewe anafungua, anafunga, anasema halina neno.
Kesho yake bado anasema halina neno.
Keshokutwa, jirani ndiye anayeuliza
hiyo harufu inatoka kwa nani."

Akarudi chini ya friji.
Nikasubiri lililobaki. Halikuwepo.
"Nipe bisibisi," akasema.
Nikampa.
"Siyo hiyo. Ile ya nyota."

Walipolala wote nikafungua kamusi.
Sabuni, safari, sahau, samaki.
Karatasi ilikuwa imeshika mikunjo yake
kama kitenge kilichokaa sandukuni.
*Kwa sharti kwamba mwombaji atafaulu
mtihani wake wa mwisho kwa daraja la kwanza.*
Basi. Halafu mhuri,
halafu sahihi ya mtu asiyenijua,
na nikamheshimu ghafla mtu huyo:
kati ya wote, yeye peke yake
hakuwa amesema nimefika.

Zimebaki wiki sita.
Koti liko nyuma ya mlango, linaning'inia
kama mgeni aliyewahi kuliko mwaliko.
Saa kumi na moja alfajiri, Tabata nzima giza,
umeme wamekata tena.
Baba anakoroma. Ukurasa wa kwanza
unang'aa kidogo ukutani kwa mwanga wa simu yangu;
nimeigeuza simu upande wa daftari.

Swali la kwanza nimekosa.
La pili nimefuta mpaka karatasi imetoboka.
La tatu nimekosa pia,
lakini kwa karibu.